Umehamia pembezoni mwa Dar? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jikoni na chakula cha huku

Majibu haya ni ya watu waliotoka Sinza, Kinondoni, Ilala au Temeke wakaenda kujenga au kupanga nje kidogo ya jiji: Bunju, Mapinga, Kerege, Kiluvya, Chanika, Kigamboni, Vikindu na kwingineko. Mimi napikia upande wa barabara ya Bagamoyo, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huko, ingawa mengi yanafanana ukanda wote wa Pwani.

Msimamo wangu niuseme mapema: chakula cha huku ni kizuri kuliko tulichokiacha mjini. Ila hakiuzwi saa zile zile, wala mahali pale pale, wala na watu wale wale. Ukikitafuta kwa ratiba ya mjini utarudi mikono mitupu, na familia itakula tambi na mayai wiki nzima huku muhogo unachimbwa nyuma ya ukuta wako.

Huku hakuna soko, kuna genge moja lenye nyanya na vitunguu. Watu wananunua wapi?

Wananunua njiani na milangoni. Asubuhi mapema hupita vijana wa baiskeli wenye ndoo ya dagaa au samaki. Kuanzia saa kumi jioni wenye mashamba huketi kando ya lami na mafungu yao: mihogo, nazi, mapapai, matembele, majani ya maboga. Sehemu nyingi pia zina gulio siku moja ya wiki. Muulize dereva wa bodaboda, yeye anajua siku zote na vituo vyote.

Kubwa zaidi, jenga ujirani na mama mmoja mwenyeji mwenye shamba. Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua wamekula ardhi hii kabla ya sisi kuletewa hati za viwanja. Mwamkie, “Shikamoo bibi,” kaa kidogo, habari za nyumbani kwanza, bei baadaye. Kisha uliza: “Bibi, siku hizi shambani kuna nini?” Hilo ndilo swali zuri kuliko yote ya kupikia huku, maana jibu lake hubadilika kila mwezi. Ukienda na orodha yako mkononi utaambiwa hakuna. Ukiuliza kuna nini, utatoka na mbaazi mbichi ambazo hukuziwaza.

Basi niache kabisa kwenda masoko ya mjini?

Hapana. Mchele, maharage, unga, karanga, vitunguu na viungo bado ni nafuu kununua kwa wingi: nafaka Tandale, ndizi na matunda ya mikoani Mabibo, viungo Kariakoo au Kisutu. Nenda mara moja kwa mwezi, gawaneni nauli ya gari na jirani. Angalia kipimo. Kisado kilichobonyezwa chini si kisado, na gunia la lumbesa ni kosa kisheria hata kama linaonekana la faida kwako. Vya kuoza haraka, yaani mboga, samaki, nazi, muhogo na matunda, nunua hapa hapa.

Muhogo nitaujuaje kuwa ni mzuri? Na habari za sumu ni za kweli?

Ni za kweli, na ni vizuri uzijue ili ule kwa amani.

Muhogo wote una viini vinavyotoa sayanaidi mmea ukikatwa au kusagwa. Muhogo mtamu una kidogo, na kumenya na kuupika hadi uive kunatosha. Muhogo mchungu una nyingi, na huo hauliwi kwa kuchemsha tu: humenywa, hulowekwa siku kadhaa hadi ulainike, hukaushwa juani, ndipo husagwa unga. Watu wanapokatisha hatua hizo kwa njaa, madhara hutokea. Miaka ya 1980 wilayani Tarime, wakati wa ukame, watu walipata ugonjwa wa konzo, miguu ikapooza ghafla na haikupona, kwa sababu walikula muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha na hawakuwa na chakula kingine cha kujenga mwili. Ugonjwa huo unajulikana pia Congo na Msumbiji. Kwa hiyo usichimbe muhogo wa kiwanja usichokijua ukatafuna mbichi. Muulize mwenye shamba: “Huu ni wa kutafuna au wa makopa?” Atakujibu bila kufikiri. Ukiambiwa ni Kiroba, uko salama kuuchemsha. Ni mbegu tamu inayopendwa sana Pwani.

Sasa ubora. Muhogo mzuri ukiuvunja unalia, ndani ni mweupe mpee, hauna mistari ya bluu wala nyeusi. Mistari hiyo huanza siku mbili tatu baada ya kuchimbwa, na ndiyo sababu muhogo wa mjini mara nyingi huwa umeshachoka. Huku unaweza kuupata ukiwa na udongo mbichi. Ukibaki, menya, kata, weka kwenye maji ndani ya friji na ubadilishe maji kila siku, au ugandishe. Usiuache jikoni kwenye mfuko.

Kwa muhogo wa nazi, pasua katikati utoe ule uzi mgumu, chemsha kwa maji na chumvi kidogo hadi uanze kupasuka, mwaga maji yote, kisha tia tui jepesi, kitunguu, pilipili nzima isiyopasuka. Muhogo ukishakunywa tui, malizia na tui zito na moto mdogo, usifunike. Ukiwa na nguru wa kuchoma pembeni, mgeni wako hatauliza wali.

Kisamvu changu huwa kikavu na kina harufu ya majani. Wenyeji wanafanyaje?

Wanachuma majani machanga ya juu tu, wanatoa vikonyo, wanatwanga. Hapo kwenye kutwanga ndipo wengi tunapokata kona. Kinu kinavunja jani hadi linakuwa uji mzito, na hilo lina faida mbili: ladha inatoka, na ile sayanaidi inaachiliwa. Yenyewe huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu, kwa hiyo inaondoka na mvuke. Ndiyo maana kisamvu huchemshwa sufuria ikiwa wazi, angalau mwanzoni. Mashine za kusagia kisamvu zilizoko sokoni zinafaa, ila tia kitunguu saumu na bilinganya au nyanya chungu wakati wa kusaga, visagike pamoja.

Chemsha saa nzima au zaidi, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo. Usikimbilie chumvi. Kikishalainika na harufu ya ubichi kuisha, tia karanga zilizotwangwa pamoja na tui la pili, acha kitokote taratibu hadi mafuta yaanze kuonekana juu, ndipo tui la kwanza na chumvi. Kunde au mbaazi zilizochemshwa zikiingia humo, ni chakula kamili. Nyama haina ulazima.

Twanga kingi siku moja, chemsha bila tui, gawa kwenye vifuko, gandisha. Siku ya haraka una kazi ya tui tu.

Kuna tofauti kweli kati ya tui la pakiti na la kukuna?

Ipo, na mtu akishaonja hurudi kwa shida kwenye pakiti. Tena huku nazi ni jambo la kawaida, minazi imesimama kila upande.

Chagua nazi nzito, itikise usikie maji. Nazi kimya ama imekauka ama imeoza. Tazama yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache. Usichukue koroma kwa ajili ya tui: nyama yake bado laini, tui litakuwa jepesi na tamu tamu. Koroma na dafu zina kazi zake nyingine.

Keti kwenye mbuzi, kuna kwa kuzungusha kifuu, usifike chini kabisa kwenye ngozi ya kahawia kama unataka tui jeupe. Tia maji ya uvuguvugu kiasi cha kikombe kimoja, bonyeza kwa mkono hadi uone maziwa yanakuwa mazito vidoleni, kamua kwa kifumbu. Hilo ni tui la kwanza, liweke kando. Rudisha chicha, ongeza maji mengi zaidi, kamua tena: la pili. Kanuni ya jikoni ni moja: la pili hupikia, la kwanza humalizia. Tui zito likitokota sana linakatika na mafuta yanajitenga, kwa hiyo likiingia, koroga polepole kwa upawa na uwe karibu na moto.

Asiye na mbuzi atumie blenda: vipande vya nazi na maji ya uvuguvugu, kisha achuje kwa kitambaa safi. Chicha usitupe, kuku wataifurahia, na kidogo yake inaingia vizuri kwenye vibibi.

Samaki nikanunue wapi, na siku gani?

Kwa upande wetu, soko la samaki la Bagamoyo, ufukweni, jirani na majengo ya kale ya wakati wa Wajerumani. Walio Kunduchi na Mbweni wana mwalo wao, wa Kigamboni wako karibu na Feri. Popote ulipo, nenda vyombo vinapoingia, na usione haya kusimama pembeni kwanza kusikiliza mnada. Dalali anataja bei kwa kasi; wanunuzi wakubwa wakishachukua matenga yao, wamama wanaokatakata reja reja ndio wako.

Siku inategemea bahari, na hapa ndipo mgeni anapotakiwa kujifunza upya. Dagaa mchele huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mashua nyingi hupumzika, bei inapanda. Wanunue siku za giza la mwezi, uwachambue, uwaanike juani, uweke akiba. Pweza na chaza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba ikabaki wazi. Maji mafu yakifika, yaani siku yanapokupwa kidogo tu, utamsikia muuzaji anakuambia subiri. Halafu kuna pepo. Kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu na Machi, bahari huwa tulivu zaidi. Kusi ikichachamaa katikati ya mwaka, vyombo vidogo havitoki baadhi ya siku. Siku hizo pika kunde.

Kuchagua: fungua shavu la samaki, matamvua yawe mekundu, jicho liwe limejaa na liangaze, bonyeza ubavu, alama isibaki. Changu na tasi kwa kuchoma na mchuzi, nguru kwa vipande vya kukaanga au kupaka, pono kwa chukuchuku. Chukuchuku ndiyo kipimo cha samaki mbichi: maji, nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu, chumvi, basi. Samaki mchovu hana pa kujificha humo.

Nenda na deli lenye barafu. Jodari na vibua hasa havitaki jua. Vikikaa kwenye joto hujitengenezea histamini, na hiyo haitoki hata ukipika saa mbili. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unawaka moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Wengi husema “nina aleji na samaki” wakati kosa lilikuwa ni njia ya kurudi nyumbani.

Na pweza anakuwaje laini?

Mpige au mgandishe, vyote viwili huvunja nyuzi za nyama. Akishagandishwa usiku mmoja na kuyeyushwa, mtie kwenye sufuria bila maji kabisa, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mekundu, aive kwa hayo hayo mpaka kisu kipite bila kusukuma. Chumvi mwishoni, ana ya kwake ya kutosha. Kisha mkate, umtie kwenye tui na ndimu, au umkaange kidogo na pilipili.

Naona watu wanachuma majani porini. Ni mboga gani hizo?

Hili ni swali ninalolipenda, kwa sababu mjini mboga zetu zilikuwa mchicha, sukuma, kabichi, basi. Mvua za masika na vuli zikishanyesha, huku unaona mlenda, mchunga, mnavu na mgagani, na hivyo vinaota bila mtu kupanda.

Mlenda unapikwa na nyanya na chembe ya magadi, unateleza na ugali wa dona bila kutafuta kitoweo kingine. Mchunga ni mchungu kweli; uchemshe mara moja, umwage maji, ukamue, kisha upike na tui au karanga. Uchungu hautoki wote, na usitake utoke wote, huo ndio utamu wake ukishauzoea. Mgagani vile vile, ila ukiuacha ulale na maziwa mgando au karanga, kesho yake ni mtamu zaidi. Majani ya maboga yanataka subira: menya ule utando wenye nywele kwenye kikonyo, kikonyo chenyewe usitupe. Majani ya kunde yaanike kivulini ukiwa nayo mengi, yatakufaa kiangazi.

Nenda ukachume na mwenyeji mwanzoni. Mimea inafanana, na mtoto wa miaka kumi wa hapa atakuonyesha tofauti ambayo wewe huioni. Uyoga wa porini ndio sikushauri kabisa kuuokota kwa picha za simu. Kula ule tu uliochumwa na mtu anayeujua tangu utotoni, au nunua uliopandwa.

Jambo jingine la kushukuru: mboga za mjini nyingi zinalimwa mabondeni, na tafiti zimewahi kukuta metali nzito kwenye mboga za bonde la Msimbazi. Hapa unaweza kuona kwa macho tuta na maji yanayomwagiliwa.

Tangu nihamie, maharage hayaivi. Nimebadilisha aina tatu.

Tazama maji kabla ya maharage. Visima vingi vya huku vina maji magumu au ya chumvi, na madini ya kwenye maji magumu hukaza ganda. Tumia maji ya mvua au ya bomba kwa kuloweka na kupikia. Gata na tenki chini ya bati vitakulipa kwa mkaa tu utakaookoa. Loweka usiku, mwaga, weka maji mapya. Nyanya na ndimu zisiingie hadi maharage yalainike, asidi huyazuia kuiva. Magadi kidogo sana yanasaidia, yakizidi unapata ladha ya sabuni. Na kama maharage yamekaa ghalani misimu miwili, hakuna maji yatakayoyasaidia.

Kuku wa kienyeji wa huku ni wa kweli?

Wengi ni machotara, Kuroiler au Sasso, na hakuna ubaya, mradi mkubaliane bei ya chotara. Kienyeji halisi ni mdogo, mkavu, kidari chake kimechongoka, miguu ina magamba magumu. Jogoo mzee atakula moto saa mbili. Mchemshe na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kwenye moto mdogo. Kipande cha papai bichi ndani ya sufuria humlainisha haraka. Mchuzi wake wa kwanza wape wagonjwa na wazazi waliojifungua, ndivyo wanavyofanya majirani zangu, nami nimeiga.

Maziwa ya wafugaji je?

Nunua, ni mazuri sana. Kuna Wamaasai na Wabarbaig wanaofuga kuanzia Chalinze hadi maeneo ya Bagamoyo, na akina mama huleta maziwa asubuhi. Lakini yachemshe hadi yafure, kila siku, bila kujali yametoka kwa nani. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi. Kwa mtindi: yakishachemka yaache yapoe hadi kidole kivumilie, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana, funika, usiyatikise hadi asubuhi.

Nitumie gesi, mkaa au kuni? Kuni huku ni za bure.

Kuni si za bure, kuna msitu unalipa, na mapafu ya anayepika yanalipa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi naunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona macho ya wapishi wa moshi.

Kwa nyumba ya nje ya mji, shida ya gesi ni kuisha usiku wakati duka liko mbali. Weka mtungi wa kilo 15 kwa kazi kubwa na wa kilo 6 wa akiba. Vya kuchemka muda mrefu, kama maharage, makande na kuku jogoo, vipikie jiko la presha la umeme, au vichemshe kidogo kisha vihamishie jiko la kikapu, lile lililojazwa mablanketi au mabaki ya vitambaa. Vitaendelea kuiva vyenyewe bila moto.

Mkaa utumie nje, kwa samaki wa kuchoma. Masika ikipiga usiingize jiko la mkaa chumbani hata dakika chache. Hewa yake inaua mtu akiwa usingizini.

Watoto wanalilia chipsi kuku.

Wakaangie mihogo, ile kama ya Coco Beach: chemsha kidogo kwanza, ipoe, ndipo ikaange, halafu pilipili, chumvi, ndimu na kachumbari ya embe bichi. Viazi vitamu navyo. Usiwahubirie, wapikie tu.

Matunda yanakuja kwa msimu gani?

Embe ndiyo kubwa, Novemba hadi Januari: dodo, bolibo, sindano. Dodo la mtini Desemba hulilinganishi na la sokoni lililochumwa bichi na kufukiwa. Machungwa hujaa katikati ya mwaka, mengi yakitoka Muheza na Mkuranga. Mananasi ya Kiwangwa yanapita barabara yetu hii hii, kwa hiyo yanunue kutoka kwenye gari la mkulima kabla hayajafika mjini. Mafenesi, mastafeli na matopetope utapata kwa majirani, mara nyingi kwa kubadilishana, na mabungo ukiyaona usiyapite: fikicha kokwa zake kwenye maji, chuja, tia sukari kidogo, mnywe baridi.

Mabibo huanguka kuanzia Oktoba, msimu wa korosho. Bibo halilali, linaharibika siku hiyo hiyo. Lioshe, likamue, chuja, weka kwenye friji. Ule ukakasi unaokaba koo hupungua ukilitia kwenye maji ya chumvi kabla ya kukamua. Korosho yenyewe usiwaachie watoto waivunje mbichi. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi na kuacha malengelenge. Waachie watu wazima waichome nje, upande upepo unakotoka.

Nina kiwanja kidogo. Nipande nini kwanza?

Vitu unavyovichuma kila siku. Matembele: omba mashina kwa jirani, chomeka kwenye tuta lenye unyevu, baada ya wiki chache unachuma na hayakomi. Pilipili kichaa mti mmoja. Mchaichai karibu na bomba la kunawia. Mlimau au mndimu pembezoni, mpapai sehemu maji yasiposimama, maana mizizi yake huoza haraka. Mlonge, majani yake yanaingia kwenye mboga yoyote. Muhogo safu mbili tatu, mbegu tamu tu, ukichagua vijiti kutoka shamba lisilo na majani yenye mabaka ya batobato wala mizizi yenye madoa ya kahawia. Magonjwa hayo mawili husafiri na vijiti. Wataalamu wa muhogo wako TARI Kibaha, kituo cha utafiti wa kilimo, wanaweza kukushauri juu ya mbegu safi.

Mnazi panda pia, ukiwa tayari kusubiri miaka. Upande mbali na bati na mahali gari linapolala.

Upepo umeangusha embe mbichi ndoo nzima. Nifanye nini leo?

Achari. Osha, kausha kabisa kwa kitambaa, kata vipande na ganda lake, paka chumvi na manjano, anika juani siku moja au mbili hadi vijikunje. Pasha mafuta, tia kitunguu saumu, tangawizi, haradali au uwatu, pilipili ya unga na siki, ipue, kisha changanya embe. Weka kwenye chupa za kioo zilizochemshwa na kukaushwa, mafuta yafunike juu. Kijiko kinachochota kiwe kikavu kila mara. Yatakayobaki nje ya chupa kata membamba, tia chumvi na pilipili, wape watoto wanaopita, kwa sababu nusu ya embe hizo zimeanguka kutoka kwenye mti wao.